Vidonge Ndani ya Mursik

…na lile swali lako la jana sikulikwepa kwa sababu ya sabuni, Cherono. Hakuna sabuni iliyoniingia machoni. Ulikuwa umenipa mgongo, unasuuza sufuria, ukauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, mbona mjomba hanywi chai ukimpa wewe? Mimi nikienda atapokea dawa kwa mkono wa nani?" Nikasema macho yananiwasha, nikatoka nje, nikasimama katikati ya michai mpaka niliposikia umemaliza kuosha.

Kesho asubuhi unaenda Nakuru kuanza kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Umesoma miaka mitatu, umevaa ile sare yako mbele ya kioo changu ukajigeuza huku na huku, na mimi nikapiga makofi kama mjinga. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mwalimu wako angeweza kukufundisha, kwa sababu nililifanya mimi, jikoni kwetu, na sijawahi kukuambia. Sasa umeenda Chepilat kuwaaga marafiki zako, mvua ya saa kumi imeanza juu ya mabati, na Owino hatoki kiwandani mpaka saa kumi na mbili. Nimeketi kwenye meza yetu. Meza yetu! Bado napenda kuandika neno hilo na kulitazama.

Sitakuambia uanike blanketi wala ule kabla ya zamu. Hayo unayajua kuliko mimi. Na unisamehe nikichanganya huzuni na raha, maana siku hizi ndivyo nilivyo. Miezi miwili tangu harusi yangu na Owino, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye binti nesi, na nikisikia gumbuti za fundi wa mitambo zikikanyaga kokoto pale nje, nakimbilia kioo! Juzi aliniletea ua la mchai, lile dogo jeupe lenye moyo wa njano ambalo sisi wachumaji huwa hatulitazami hata, akaniwekea kwenye sikio. Nimechuma chai tangu nimalize kidato cha nne, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kwamba huo mmea unatoa ua zuri hivyo. Nikalilia ua, Cherono. Owino akafikiri ameniumiza sikio.

Lakini nataka kukuambia juu ya Kiplangat.

Wewe unamjua mjomba anayeketi mlangoni kwake na kofia ya sufi hata jua likiwaka, anayeongea polepole kana kwamba kila neno analitoa kwenye kisima kirefu. Mimi ninamkumbuka mdogo wangu mwingine, na nikianza kumkumbuka namtamani mpaka kifua kinauma. Alikuwa mwaka wa pili kwenye chuo cha walimu. Akija likizo nyumba ilijaa kelele. Alichuma chai kwa mikono miwili huku akibishana juu ya mpira na watu wa mistari mitatu mbali, na hakuna aliyemshinda kwa mpira wala kwa majani. Alikubeba mabegani kwenda kanisani, nawe ukamshika masikio ukimwendesha kama baiskeli. "Dereva, punguza mwendo!" alikuwa anapiga kelele, na watu wote barabarani wanacheka. Ulikuwa na miaka mitano. Huenda hukumbuki. Mimi nakukumbukia.

Kisha muhula mmoja alirudi katikati ya masomo, kwa miguu, bila sanduku. Siku ya tatu alifunika redio ya mama kwa blanketi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Wananitaja."

"Nani?"

"Wale wa taarifa ya habari. Wanasubiri nilale."

Nikacheka, mwanangu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nimelihesabu mara nyingi. Nilidhani ni mzaha wake. Alinitazama nikicheka, akaingia chumbani, akajifunika blanketi jingine.

Bibi yako, Mungu amlaze pema, alisema watu wa chuo wamemfanyia kitu. Tukampeleka kwa maombi, akawekewa mikono mpaka shingo ikamuuma. Jirani wakamwita kichaa wa kwa kina Chebet, na watoto wakawa wanapita mbio mbele ya lango letu. Ilichukua muda mrefu kabla hatujafika kwa daktari wa magonjwa ya akili, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniambia jina: skizofrenia. Akaniandikia kwenye karatasi. Akasema si laana, si bangi, si malezi ya mama, ni ugonjwa wa ubongo kama vile kisukari kilivyo ugonjwa wa mwili, na watu wengi huishi nao wakatulia. Ile karatasi niliikunja nikaiweka kwenye sidiria, na sikumwonyesha mtu yeyote mwaka mzima. Niliona aibu. Fikiria, nilipewa jina la kitu kilichomtesa ndugu yangu, nami nikalificha kama barua ya mwanaume.

Nyumbani nilibishana na sauti zake. Akiniambia wanaongea, mimi napiga kelele, "Hakuna mtu! Hakuna, Kiplangat! Mimi mbona sisikii?" Naye ananitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu kiziwi. Nilikaa miaka kabla ya kuelewa kwamba kubishana kulimwacha peke yake na zile sauti. Sasa siku hizi namwambia, "Mimi siwasikii, lakini naona wanakusumbua. Wanasema nini leo? Unaogopa?" Mara nyingine hanijibu. Mara nyingine anasema, "Naogopa," basi tunakaa. Sauti mimi siijui, lakini woga naujua, na woga wake ni wa kweli.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Vidonge vya kwanza vilimtesa. Mikono ilimtetemeka, mate yakamtoka, na miguu haikutulia. Alikuwa anatembea kutoka lango mpaka choo, choo mpaka lango, mchana kutwa. Hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini anavikataa. Mimi sikumuuliza. Nilihesabu tu kwamba anavitema, na usiku halali, na ameanza kusema kuna mtu anaweka kitu kwenye chakula chake. Nikafanya akili yangu ya mkulima wa huku kwetu Mogogosiek. Nikavisaga.

Unajua vile Kiplangat alivyopenda mursik. Hapana, huenda hukumbuki, ulikuwa mdogo alipoacha kunywa. Alikuwa anaweza kumaliza kibuyu kizima na bado aulize kama kuna kingine. Na unajua mursik yetu ilivyo: maziwa yamelala siku nyingi, yana uchachu, yana moshi, na yale masizi ya mti tunaosugulia kibuyu yanaelea ndani kama vumbi jeusi. Ni kinywaji gani kingine duniani kinachoweza kuficha unga wa dawa namna hiyo? Uchungu unamezwa na uchachu, na macho yanaona masizi tu. Kila asubuhi niliviweka vidonge kwenye sahani ya bati, nikavisaga kwa kitako cha kijiko, nikatia kwenye kikombe chake, nikakoroga. Nikampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama dada mzuri.

Na ilifanya kazi, Cherono! Lazima nikuambie na hilo, usije ukadhani nilikuwa mjinga tu. Baada ya wiki chache alilala usiku mzima. Akaoga. Siku moja nilimsikia akiimba akikata nyasi za ng'ombe, nikakaa chini palepale kwenye nyasi nikamshukuru Mungu. Nikajiona daktari.

Lakini bado kuna wakati alikuwa ananiuliza. Alikuja jikoni akanishika mkono, kitu ambacho hakuwa anafanya, akasema, "Chebet, nakuuliza wewe kwa sababu wewe hunidanganyi. Kuna mtu anaweka kitu kwenye chakula changu?"

Nikamwambia, "Hakuna."

"Apa."

"Naapa kwa Mungu, naapa kwa mama. Ni ugonjwa unakudanganya."

Soma tena hayo maneno niliyomwambia. Ni ugonjwa unakudanganya. Na mimi ndiye niliyekuwa nadanganya.

Aliniona asubuhi ya Jumapili. Nilidhani ameenda kuchota maji. Nilikuwa nimeinamia sahani, kijiko mkononi, unga mweupe umetanda kwenye bati, na kibuyu kiko wazi kando yangu. Nikahisi mwanga umepungua, nikainua kichwa. Alikuwa amesimama mlangoni na mtungi. Hakupiga kelele. Watu wanadhani wagonjwa kama yeye ni watu wa kupiga. Kiplangat hajawahi kunyanyua mkono juu ya mtu. Aliweka mtungi chini taratibu, maji yasimwagike, akasema, "Kumbe ni wewe."

Basi. Akaondoka.

Tulimtafuta siku tisa. Kwenye mashamba ya chai, kwenye mikaratusi, kando ya mto. Alipatikana Merigi, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, miguu imevimba, amekonda kama ufito. Wakati huo ulikuwa na miaka saba, na nilikuambia mjomba alikuwa amesafiri.

Aliporudi hakula kitu chochote nilichopika. Ulidhani anapenda tu mayai ya kuchemsha, na ndizi, na viazi na maganda yake, na mahindi anayojichomea. Wewe ulikuwa unasema, "Mjomba hachoshwi na mayai!" Mwanangu, anakula vitu vyenye ganda. Anakula kile ambacho hakuna mtu anayeweza kukifungua na kukifunga tena bila yeye kujua. Mimi ndiye niliyemfundisha kula hivyo. Ugonjwa ulimwambia kuna mtu anamwekea kitu, nami nikaenda nikauthibitishia.

Aliyemrudisha kwenye dawa hakuwa mimi. Ni yule sista mzee wa zahanati, unamkumbuka, mwenye sauti nzito. Alimpa pakiti mkononi, ikiwa imefungwa, na ile karatasi ya maelezo. Akamwambia, "Wewe ulisomea ualimu. Nisomee." Kiplangat akasoma yote, akiwa amesimama. Kisha sista akamuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza: "Hizi za kwanza zilikufanyia nini ambacho hukupenda?" Akasema, "Miguu inakimbia bila mimi." Sista hakucheka. Aliandika, akazungumza na daktari, dawa ikabadilishwa. Dakika chache tu, na mimi nilikuwa nimempoteza ndugu kwa kukosa dakika hizo.

Na kwa chai, ni wewe. Ulikuwa unakunywa nusu ya kikombe chako kisha unamwachia, kwa uchoyo wako wa kitoto wa kutaka kuonja sukari kwanza, na yeye akaona imepita kinywani mwako, akanywa. Mpaka leo unampa hivyo, na vidonge vikiwa kwenye pakiti yake. Nimewaangalia ninyi wawili kupitia dirisha miaka yote hii kama mtu anayeangalia harusi ambayo hakualikwa.

Halafu akaja Owino wangu. Acha nifurahi kidogo hapa, nimechoka kulia.

Unajua alivyokuja nyumbani mara ya kwanza, amevaa shati jeupe, amebeba samaki mkubwa kwenye gazeti. Nilikuwa naogopa kwamba Kiplangat atamfukuza, au kwamba yeye mwenyewe atamwona Kiplangat na kukumbuka ana shughuli kwingine, kama wale wengine wawili waliokuja zamani. Kiplangat akamkazia macho.

"Wewe umetumwa na redio?"

"Hapana, shemeji. Redio hata hainijui. Nimetumwa na moyo wangu kwa dada yako."

"Moyo wako unalipwa pesa ngapi?"

"Bado unafanya kibarua."

Kiplangat akacheka! Sauti ile ile ya zamani. Kisha akamwangalia yule samaki, akamgeuza, akasema, "Nyinyi watu wa ziwa hamna siri. Samaki mzima na macho yake, mtu ataficha wapi kitu?" Wakala sahani moja, wakitoa miiba kwa vidole, wakibishana juu ya timu. Mimi nilimpenda hapo, Cherono. Si kwa shati. Nilimpenda mwanaume aliyemjibu ndugu yangu kama mtu.

Kabla ya harusi nilimweleza Owino kisa chote cha mursik. Nilidhani akishanisamehe yeye, mzigo utashuka. Alinishika kiganja, akasema, "Asante kwa kuniambia. Lakini si mimi niliyekunywa."

Nilimkasirikia siku mbili. Nikakataa hata kumpigia pasi shati. Alijipigia mwenyewe, na langu pia.

Kwa hiyo leo, ulipoondoka tu kwenda Chepilat, nilipanda kwenda nyumba ya juu mnakokaa ninyi wawili, kwa Kiplangat. Alikuwa mlangoni kwake. Nilikuwa nimebeba pakiti ya dawa yake kama ilivyo na thermosi ya chai. Nikaketi chini kwenye nyasi, si kwenye kiti, sijui kwa nini. Nikamwambia, "Mimi nilikuwekea dawa kwenye mursik. Uliniuliza nikaapa kwamba hapana. Ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyedanganya. Sikukuuliza dawa inakufanyia nini. Nimekuja kukuambia kwa sababu hujawahi kusikia nikilisema."

Nilisikia tingatinga la kubeba majani likipanda kilima mpaka likapotea. Nilitaka kujaza ule ukimya kwa maneno, unajua nilivyo, lakini nikauma mdomo. Hicho nacho nimejifunza uzeeni: kwamba maneno yake hutoka mbali, na mtu akimharakisha yanarudi ndani.

Mwishowe akasema, "Nilijua ni wewe."

"Ndiyo."

"Nilijua ni wewe, na watu wote wakasema naumwa."

"Ndiyo, Kiplangat. Ulikuwa unaumwa, na pia ulikuwa unasema ukweli."

Akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kunisalimu, kumbe anataka pakiti. Akaigeuza, akaangalia nyuma, akapasua mwenyewe. "Ukileta, leta zikiwa nzima," akasema. Akameza kwa maji ya mtungi wake. Nikamimina chai kwenye kifuniko cha thermosi, nikanywa nusu mbele yake vile unavyofanya wewe, nikamwekea iliyobaki kwenye jiwe. Aliitazama. Tulikaa mpaka ikapoa, mpaka ikafanya utando juu. Hakuinywa. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Kesho uje mapema, Cherono atakuwa ameenda."

Hayo ndiyo yote. Sitakupambia hadithi. Dawa amepokea leo kwangu, chai hapana. Sijui kama kesho atapokea. Naye sista wa zahanati wa siku hizi nimemwomba apite kila wiki, ili asitegemee mkono wangu peke yake, na tukiona halali usiku au anaanza kutafuta blanketi la kufunika kitu, tusingoje.

Huko wodini utakutana na dada kama mimi. Atakuja na mgonjwa amevaa nguo zilizopigwa pasi, na atakuambia kila kitu kiko sawa nyumbani. Usimhukumu, tafadhali. Mpe kiti. Muulize anampaje dawa, na umuulize kwa upole, kwa maana huenda ana sahani na kijiko mahali fulani na anavificha kwa aibu kama mimi na ile karatasi kwenye sidiria. Na ukiwa na mgonjwa mwenyewe, usimdanganye hata kwa jambo dogo, hata siku umechoka, hata uongo ungemfanya atulie kwa haraka. Mimi nilipata utulivu wa miezi michache, nikalipa kwa miaka kumi na tano ya kumtazama ndugu yangu akimenya mayai.

Nitakukosa. Niseme tu, siwezi kulizungusha. Nyumba ya juu itakuwa na Kiplangat peke yake, na njia unayopita ukija kwetu jioni ukiimba vibaya itakuwa kimya. Nina mume mpya na raha nisiyojua pa kuiweka, na bado kuna nafasi ndani yangu yenye ukubwa wako hasa, na Owino anajua, hajaribu kuingia hapo. Jana alisema, "Lia tu, mimi nitashika mwavuli." Mtu huyu, jamani!

Namsikia kwenye kokoto. Nywele zangu ziko ovyo.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Nakuru, Jumamosi ya mwisho. Owino ameshaomba ruhusa. Nimemwambia Kiplangat kuna nafasi yake, hajasema ndiyo wala hapana, nami sitamshawishi. Akija, utamwona mwenyewe. Asipokuja, nitaketi kando yako kwenye kitanda chako kipya nikuambie ni siku ngapi alipokea kwangu na ni siku ngapi alikataa, na kama chai ameinywa au bado, vilevile ilivyo, bila kuongeza kitu.

Mama yako,
Chebet